Naomba ushauri: chai ikimwagika kwenye Blender (programu ya animesheni za 3D) inaonekana kama uji

Wakuu habari, naombeni msaada jamani. Natengeneza animesheni fupi, kikombe cha chai kinapigwa kiwiko kinamwagika mezani, sasa hiyo chai inatoka mabonge mabonge halafu inashuka taratibu kama mawimbi ya bahari. Rezolusheni (yaani udogo wa vipande ambavyo programu inagawia kimiminika) ilikuwa 32 nikapandisha mpaka 128, afadhali kidogo ila kubeki (kompyuta kukokotoa mwendo wote wa chai na kuuhifadhi) ni kukesha na laptop yangu inavuma kama mashine ya kusaga. Nahisi tatizo ni vipimo maana kikombe nilikichonga kwenye ile kyubu ya mwanzo ya mita 2 inayokuja yenyewe ukifungua Blender (uvivu tu), so programu inaona pipa sio kikombe. Nikipunguze kiwe sentimita 10 au niongeze tu spidi ya muda? Na ule utando mwembamba unaotambaa mezani mnaupataje?