Kukausha jaruba makusudi, mpunga hautakufa?

Mkulima_Butaleja: Habari wakulima wenzangu, niko Doho, skimu ya mpunga huku Butaleja Uganda, jaruba letu liko mwisho wa mfereji kwa hiyo maji ya mto Manafwa yakipungua sisi ndo tunakauka kwanza. Sasa nasikia kuna watu wanakausha jaruba makusudi alafu wanarudisha maji, mpunga si utakufa? Na udongo nao umechoka, mbolea ya dukani bei haishikiki. Nisaidieni jamani

Fundi_Mpunga: Haufi ndugu. Chukua paipu ya plastiki kama sentimita 30, toboa matundu nusu ya chini, ichimbie jarubani matundu yawe ndani ya udongo alafu toa matope yaliyoingia, hapo utaona maji yako wapi hata juu pakiwa pakavu. Yakishuka sentimita 15 chini ya udongo ndo unafungulia tena mpaka yasimame sentimita 5 hivi juu ya udongo, mizizi huko chini bado inapata. Mtindo huu umeenezwa na IRRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino, na maji yanaweza kupungua mpaka asilimia 30 bila mavuno kushuka. Ila subiri kama wiki mbili baada ya kupandikiza miche ishike, na wakati wa kuchanua usithubutu kukausha, maji yawepo wiki moja kabla mpaka wiki moja baada, kiu ya hapo inakuletea mapepe matupu

Mama_Samadi: Kweli kabisa, ila jiandae kupalilia mapema, maji yakitoka magugu yanaota kwa fujo. Na udongo, jamani acheni kuchoma mabua!! Inaniuma sana kuona ule moshi, potasiamu nyingi ya mpunga iko kwenye mabua sio kwenye punje, na naitrojeni yake karibu yote inaondoka na moto. Yakatekate uyalimie chini wiki mbili tatu kabla ya kupandikiza yaoze, ongeza samadi ya ng'ombe iliyoiva. Mbolea ya yurea nayo mwaga jaruba likiwa limekauka kidogo ndo ufungulie maji, yanaishusha mpaka mizizini, ukiimwaga kwenye maji yaliyosimama nyingi inapotelea hewani

Mkulima_Butaleja: Asante sana mama. Na maji ni ya zamu, je zamu ikichelewa?

Fundi_Mpunga: Basi usingoje 15, zamu ikifika jaza tu. Alafu kaeni na wenzenu wa juu mfereji mmoja, wao wakikausha ndo maji yanawafikia nyinyi, bila hivyo paipu yako peke yako haitaleta tone. Anza na jaruba moja msimu huu