Tupeane uzoefu: Umewahi kuona samaki wakisemeshana kwa rangi na mapezi?

Tangi_Dar: Wakuu, nafuga sato. Madume wakigombana, anayeshindwa macho yanakuwa meusi na mwili unakuwa wa giza. Mbabe akiona hivyo, mara nyingi anapunguza kumchapa. Nyie mmeona nini?

MtotoWaZiwa: Mkuu, njoo Mwanza uone furu, wale samaki wadogo wa ziwani. Huku kwenye miamba ya visiwani kuna ndugu wawili. Pundamilia pundamilia, dume lake ni la buluu, hukaa maji ya juu. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano, hushuka chini zaidi. Majike wamefifia, ukiwachanganya unapata tabu kuwatenganisha. Jike ndiye anayechagua, na anatazama rangi.

Nilivyoona kwenye tangi la watafiti: dume anatandaza mapezi mbele ya jike, anatetemeka mwili mzima, kisha anamwongoza kwenye himaya yake. Jike akitaga anayadaka mayai mdomoni papo hapo. Pezi la chini la dume, karibu na mkia, lina madoa ya njano kama mayai. Jike anayasogelea kwa mdomo, dume anamwaga mbegu, mayai yanarutubishwa humo humo mdomoni.

Sasa maji yakiwa tope, rangi itaonekanaje? Mwaka 1997 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa penye maji machafu ziwani humu madume wamepauka na aina za furu ni chache. Sangara, anayekula furu, anabebeshwa lawama zote, lakini majitaka na udongo tunaoachia utiririke ziwani navyo vinamaliza furu, tena bila kelele. Inaniuma sana.

Mzamiaji_Mafia: Huku baharini kuna kasamaki kembamba ka buluu kenye mstari mweusi, kazi yake kusafisha wenzake. Kanacheza kwa kupandisha na kushusha mkia, chewa anasimama na kuachama, kenyewe kanaingia hadi kwenye mashavu kuokota vijidudu. Chewa akitaka kuondoka anajitikisa, kanatoka. Ila kuna tapeli wa rangi zile zile na mchezo ule ule; ukimkaribisha anang'ata pezi na kukimbia!

Kigoma_Ujiji: Kuna furu wetu wa kwenye vidimbwi vya kando ya ziwa, dume mwenye himaya ana mstari mweusi unaoshuka kutoka jichoni. Akinyang'anywa eneo, unafutika ndani ya dakika chache. Akilirudisha, unarudi.