Wauza UPS, hizo VA mnazotuandikia kwenye boksi tuzifanyie nini?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimepigwa. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia nimebeba mwenyewe mpaka nyumbani.

Nina kompyuta ya mezani ya kuhariri video. Umeme ulinikatikia mara mbili ndani ya mwezi, na mara ya pili faili la kazi likagoma kabisa kufunguka. Nikasema basi, nanunua UPS, kile kifaa cha betri kinachoshika kompyuta umeme ukikatika. Dukani nikapewa moja, boksi limeandikwa 1000VA (volti mara ampea) kwa tarakimu za kuonekana toka ng'ambo ya barabara. Muuzaji hana wasiwasi hata chembe: "Hii kaka, umeme ukienda una nusu saa nzima ya kumalizia mambo yako."

Siku ya nne umeme ukaenda. UPS ikalia pii. Nikatabasamu peke yangu kama bwana harusi, nikanyoosha mkono kwenye mausi nihifadhi kazi. Pii, pii, piiiii. Giza. Sekunde kumi sidhani kama zilifika. Nikabaki nasikiliza feni za kompyuta zikizunguka taratibu mpaka zikasimama.

Kuirudisha dukani, jibu: "Umeizidishia mzigo." Mzigo upi jamani? Ni kompyuta na monita tu, na nimepima kwa kile kipimo cha kuchomeka kwenye soketi: wati 260 ikiwa inachakata video, 110 hivi nikiwa nimefungua tu faili. Siku ile nilikuwa nimefungua tu faili. Nikaambiwa tena kwamba dhamana haihusu betri. Sasa UPS bila betri ni nini kama si ekstensheni nzito?

Ndipo nikaanza kusoma, na kila nikisoma hasira zinapanda. Geuza boksi, tafuta chini kabisa karibu na namba ya toleo, kuna maandishi ya kutafuta kwa tochi: 600W. Huo ndio mzigo ambao kifaa kinaweza kubeba. UPS nyingi za nyumbani ziko hivyo, wati ni kama asilimia 60 ya VA. Pawasaplai za kompyuta zetu, yaani visanduku vinavyozigawia umeme ndani, zinahesabiwa kwa wati, balbu kwa wati, pasi kwa wati, ila huku ghafla tunapewa VA mbele na wati nyuma. Mnajua vizuri kwa nini.

Na hata hizo 600 zinasema tu kifaa kinabeba mzigo gani, hazisemi kitaubeba kwa muda gani. Muda uko kwenye betri. Kwa vile dhamana walishanitolea nje, nikashika bisibisi. Ndani kuna betri moja ya risasi na asidi, volti 12, 7Ah (ampea-saa). Zidisha: 84. Yaani kwenye karatasi inaweza kutoa wati 84 kwa saa moja. Kwa mzigo wa 260 karatasi inakupa dakika 19, lakini betri ya risasi ukiinyonya kwa kasi inatoa pungufu, na inveta, inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo inakula chake njiani. Betri mpya kabisa, ukipata dakika saba au nane shukuru. Nusu saa ya muuzaji ilikuwa ya kuwasha rauta, labda.

Sasa sikilizeni hili. Betri ina tarehe imegongwa ubavuni: miaka miwili na miezi kabla sijainunua. Betri ya risasi ikikaa stoo bila kuchajiwa inajimaliza yenyewe polepole, salfeti inaganda kwenye sahani zake, na ikishaganda sana hairudi. Inatakiwa ichajiwe angalau kila miezi sita. Nikaiweka multimita: volti 12.6, mtu asiyejua angesema nzima. Nikaifunga balbu ya taa ya gari ya wati 55. Namba zikaporomoka mbele ya macho yangu, 11, 10, 9 na kitu, balbu ikawa nyekundu kama sigara. Hicho ndicho nilichouziwa kama "mpya".

Nikanunua betri nyingine kwa hela yangu, 9Ah, umbo ni lilelile inaingia. Nikachomoa UPS ukutani kujaribu. Nikiwa naandika tu, inashika vizuri. Nikaanza kuchakata video, nikachomoa tena: rilei, ile swichi ya ndani, ikagonga tak, UPS inaendelea kulia pii pii kwa raha zake, kompyuta imezimika! Hapo nilitaka kulia.

Kumbe umeme wa ukutani unapanda na kushuka kama wimbi, mara 50 au 60 kwa sekunde kutegemea nchi. Hizi UPS za bei ya chini zikiwa kwenye betri hazitoi wimbi hilo, zinatoa kitu cha ngazi ngazi, na boksi linakiita "wimbi la kuiga" kama vile ni sifa. Pawasaplai nyingi za kisasa zina PFC, saketi ya kurekebisha jinsi zinavyovuta umeme, na baadhi yake hazielewani na hizo ngazi, hasa mzigo ukiwa mkubwa. Zinajizima. Dawa ni UPS ya wimbi halisi la sain, yaani wimbi laini kama la ukutani. Muuzaji hakuniuliza hata mara moja nina pawasaplai gani.

Kabla hamjaanza: ndiyo, najua baadhi ya soketi za nyuma zinazuia tu umeme mkali na hazina betri, niliangalia. Hapana, sijachomeka printa ya leza. Na tundu la USB la kuiambia kompyuta ijizime yenyewe lipo, ila kebo yake haikuwemo kwenye boksi.

Ninachotaka ni kidogo sana. Wati mbele, dakika kwa mzigo unaojulikana, aina ya wimbi, na tarehe ya betri nje ya boksi. Hata maziwa yana tarehe!

Kwa sasa UPS yangu inalinda rauta. Umeme ukikatika intaneti ninayo, kompyuta ndiyo sina. Mwenye UPS ya sain anayoitumia na pawasaplai yenye PFC, aweke hapa wati zake na dakika alizopima yeye mwenyewe kwa saa. Za kwenye boksi ninazo tayari.