Barabara mpya imekufikia mlangoni? Tupeane uzoefu, Unguja na Pemba

Mkaazi wa Tomondo (mwenye uzi)

Assalaam alaykum wenzangu. Kaka yangu ana nyumba ya urithi na kibanda cha duka pembezoni mwa njia huko kusini, na juzi wamekuja watu wa barabara wakapiga alama nyekundu ya kuvunjwa ukutani. Tangu siku hiyo kila jirani amekuwa mshauri. Mmoja anamwambia akimbilie wakili. Mwengine anamwambia atulie, riziki inakuja. Yupo na anayemwambia aongeze chumba haraka haraka ili ahesabiwe zaidi, huyo tumwache.

Kwamba barabara zinahitajika sibishani na mtu. Sensa ya 2012 ilikuta watu 593,678 Mkoa wa Mjini Magharibi, ya 2022 ikakuta 893,169. Hao laki tatu walioongezeka nao wanataka kufika Darajani asubuhi, na njia ya Amani tunaijua ilivyo saa moja. Ninachotaka ni wale mliokwisha pitiwa mseme: kabla ya greda mlifanya nini, wakati wa vumbi mlikula nini, na baada ya lami mkoje? Siasa tuziache barazani.

Mama Urojo

Waalaykum salaam. Mie nilikuwa nauza urojo karibu na makutano ya Mwanakwerekwe kabla ya kuzungushiwa mabati ya ujenzi wa daraja la juu. Watu wakinionea huruma kwa vumbi na kelele. Vumbi lina dawa yake, unafunika. Kilichonitia hasara ni mteja kutopita. Daladala zilipogeuziwa njia za ndani, abiria wakawa wanashuka pengine kabisa, na mtu aliyetoka kazini na njaa yake hatembei dakika kumi kunitafuta eti kwa sababu bhajia zangu tamu. Anakula kwa aliye karibu.

Kwa hiyo sikumfuata mteja, nilimfuata konda. Nikawauliza vijana wa daladala: sasa hivi watu wengi mnawashusha wapi jioni? Nikahamia hapo. Kituo kikihama tena, na mimi nahama. Wenzangu waliong'ang'ania pale pale kwa kusema "hapa ndipo tulipozoeleka" walifunga.

La pili ni upatu. Sisi akina mama tulikuwa na mchezo wetu, na zamu yangu ilikuwa mbali. Niliposikia ujenzi unakuja nikawaomba wenzangu wanipe zamu ya mwanzo. Alhamdulillahi walikubali, na ile pesa ndiyo iliyonipitisha miezi ya ukame. Usingoje mabati yasimame ndipo uanze kutafuta mtaji. Wakati huo hata wa kukukopesha naye biashara yake imelala.

Fundi Mitaro

Kaka yako usimwambie habari ya alama nyekundu peke yake. Muulize hivi: barabara mpya itakuwa juu kiasi gani kuliko kizingiti cha mlango wake?

Nimefanya kazi ya kibarua kwenye mitaro miaka kadhaa, hili nimeliona mtaa baada ya mtaa. Barabara ya zamani ilikuwa chini, sawa na nyua za watu. Mpya inakuja na kifusi, kinashindiliwa tabaka juu ya tabaka, halafu kokoto, halafu lami. Ikimalizika, nyumba ambayo haikuguswa hata tofali, ambayo mwenyewe alisherehekea kwamba amepona, imekuwa bondeni. Masika ya kwanza maji yanaingia sebuleni, na hapo hakuna fidia kwa sababu hukuwemo kwenye orodha ya waliovunjiwa.

Mjini kwetu maji si jambo la kubahatisha. Baina ya Mji Mkongwe na Ng'ambo pale Darajani palikuwa na mkono wa bahari, ukafukiwa kidogo kidogo, leo magari yanapita Barabara ya Mkapa na wengi hawajui kwamba chini yake palikuwa na maji. Njoo Mwanakwerekwe: mvua za Mei 2017 zilizamisha njia, na Kibondemzungu kadhalika. Unaweza kufukia bonde lakini mvua inakuja pale pale ilipozoea. Ndiyo maana mradi uliochimba mitaro mikubwa mjini ulipopita watu walilalamika mashimo, na masika yaliyofuata mitaa kadhaa ikapumua.

Sasa la kufanya. Vigingi vya wapimaji vikishawekwa, huwa vina alama za kimo. Mwendee msimamizi wa eneo, si kibarua, umuulize kwa upole lami itaishia kwenye kimo gani. Halafu uliza mdomo wa kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, utaelekea wapi. Ukiona unaelekea uani kwako, sema hapo hapo, mbele ya sheha, kiongozi wa serikali mtaani kwenu, kwa maandishi. Zege haijamwagwa, kugeuza mdomo wa kalvati ni kazi ndogo. Ikishakauka utazungushwa ofisi hadi uchoke.

Bi Mpendae

Fundi umesema kweli. Na ndoo mjaze. Kwetu greda lilikata bomba, na mafundi wa barabara wakasema bomba si lao.

Gari ya Shamba

Mie dereva, njia ya kaskazini. Barabara ya Bububu–Mahonda–Mkokotoni, kilomita 31, niliijua ikiwa na viraka na mashimo mpaka ikawa lami ya kuteleza. Kwa sisi madereva ni neema. Springi zinadumu, matairi yanadumu, na mgonjwa wa shamba anafika mjini bado anaweza kusema jina lake.

Ila mlio kando ya njia msikilizeni dereva akiwaambia siri: barabara ikiwa mbovu, shimo ndilo linalomlinda mtoto wako. Ikinyooka, hakuna anayepunguza mwendo kwa hiari, hata mimi ninayeandika haya. Skuli zipo pembeni kabisa, watoto wanatoka mchana kwa makundi, na vespa zinapita kama nyuki. Kijiji kimoja kwenye njia yangu wazee walikwenda kudai matuta kabla lami haijamwagwa, wakapata. Kijiji cha pili wamedai baada ya kugongwa mtu, na wakangoja sana. Daini alama za kuvukia na matuta mapema, tena dai la kamati ya skuli pamoja na sheha lina uzito kuliko la mtu mmoja.

Halafu tusijifanye ni sisi wa mwanzo kupitishiwa chombo mlangoni. Wamarekani walijenga reli hapa mwaka 1905, garimoshi likitoka mjini karibu na Ngome Kongwe, likapenya vichochoro vya Malindi mpaka Bububu. Watu walikuwa wakifungua mlango wanakutana na behewa. Haikumaliza miaka thelathini, reli ikang'olewa. Magari ndiyo yaliyoishinda.

Mpemba wa Mkoani

Uzi mzuri yakhe, lakini mnazungumza kama kwamba kinachovunjwa ni kuta tu. Sisi wa njia ya Chake Chake–Mkoani kilichohesabiwa sana ni miti. Mkarafuu, mnazi, muembe, mpaka mgomba. Mthamini anapita na karatasi, sheha yupo, unasimama mbele ya mali yako unapigwa picha. Kila mti una daraja lake: mche, unaoanza kuzaa, uliokomaa, uliozeeka. Tofauti ya pesa hapo ni kubwa, na si ajabu. Mkarafuu unakuchukua miaka sita, saba, minane kabla hujaanika karafuu zake. Kwa hiyo siku ya kuhesabu usimtume mtoto. Uwepo mwenyewe, useme "huu ulizaa msimu uliopita," na jirani awe shahidi.

Tabu yetu kubwa lakini haikutoka kwa wenye barabara. Ilitoka ndani ya ukoo. Shamba ni la marehemu babu, warithi wamezagaa Wete, Unguja, Mombasa hadi Maskati, na aliyepo nyumbani ndiye aliyetia saini. Pesa ilipotoka ikawa vita. Nimeona ndugu wa tumbo moja hawasalimiani kwa minazi ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipanda. Nimesoma kwamba nyumba ya kaka yako ni ya urithi: basi kabla ya karatasi yoyote aende kwa Kadhi, mirathi igawiwe, fungu la kila mtu lijulikane, halafu wateue mmoja kwa maandishi. Hata dada aliyeolewa mbali aingizwe. Hasa yeye.

Na wanaouliza kama sasa ni bora: ni bora. Kwenda Mkoani kupokea mgeni wa meli kulikuwa safari, sasa unaondoka baada ya chai. Msimu wa karafuu gunia linafika kituo cha kununulia bila kumwagika njiani. Tulichopoteza ni ukingo wa kutandika majamvi ya kuanikia karafuu. Gari zinapita kasi mno, mtu anaogopa.

Mzee wa Kikwajuni

Wanangu, Michenzani mnayoiona na treni zake, yale majengo marefu ya flati, ilikuwa nyumba za udongo na makuti, uani kwa huyu ndiyo njia ya yule. Mzee Karume akataka mji mpya, wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakachora, njia mbili pana zikakata msalaba katikati ya Ng'ambo na majumba marefu yakapangwa pembeni. Yeye aliuawa 1972, ujenzi ukaendelea. Waliohama walipewa flati zenye umeme na choo cha ndani, jambo la fahari. Lakini bibi zetu hawakujua pa kutwangia, maana ghorofani ukitwanga, wa chini anagonga dari kwa mchi wake.

Ninachowausia, mkihamishwa, hameni pamoja na jirani zenu ikiwezekana. Dirisha jipya utalizoea. Ukifiwa usiku, utamgongea nani?

Mkaazi wa Tomondo (mwenye uzi)

Mzee shikamoo, na ahsanteni. Nimempigia kaka, kesho wanakwenda kwa Kadhi yeye na dada. Ana suala moja: kibanda cha duka ni cha mabati na mbao, na leseni yake ya manispaa imeisha muda. Kinahesabiwa? Na kuna kisima uani.

Mama Urojo

Leseni ahuishe leo, si kesho. Na risiti za mzigo azikusanye hata kama zimeliwa na mende. Mwenzangu mwenye daftari la mauzo alisikilizwa, asiye nalo aliambiwa "kibanda tu hicho."

Mpemba wa Mkoani

Kisima chetu kilihesabiwa, tena kwa kina chake. Ila mthamini hakuja na kamba ya kutosha, tukamwazima yetu ya kuchotea. Mwambie kaka aiweke karibu.