UDSM au ATC kwa uhandisi ujenzi? Mzee anataka jina, dogo anataka mifereji

Dada_wa_Soweto: Habarini wana Moshi na Arusha. Mdogo wangu kamaliza form six PCM (fizikia, kemia na hisabati), matokeo mazuri tu, sasa hapa nyumbani ni mabishano kila jioni, mzee hataki kusikia kingine zaidi ya UDSM, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ndio kiko juu kwenye orodha za ubora, dogo anataka ATC, Chuo cha Ufundi Arusha, ujenzi na umwagiliaji, maana kakulia Chekereni kwenye majaruba ya mpunga na mifereji ndio roho yake. Hizo renki zina uzito kweli?

KijanaNjiro: Mzee aulize kwanza zinapima nini. Chukua hizi orodha mbili za vyuo vya dunia, Webometrics inaangalia sana chuo kinavyoonekana mtandaoni na tafiti zinazonukuliwa, QS nayo sehemu kubwa ni maoni ya wasomi. Hakuna anayeingia karakana kuhesabu wanafunzi wangapi wanagombania mashine moja. Halafu namba yenyewe ni ya chuo kizima, sheria, lugha na biashara humohumo.

Mpimaji_Moshi: Hapo napingana kidogo. UDSM wanafundisha uhandisi tangu 1973, ukipeleka barua ya fildi unakuta bosi naye kasoma palepale, mlango unafunguka. Mi nimesoma chuo kisicho na jina, nilizunguka na barua miezi minne mpaka soli ikaisha. Sio haki lakini ndo hali halisi, msimdharau mzee.

FundiMfereji: Mi ni zao la ATC, nilianza na diploma. Kipo tangu 1978, na kule Hai wana kituo cha Kikuletwa kwenye mtambo wa umeme wa maji, unashika kitu chenyewe sio picha ya ubaoni. Ila la muhimu ni ERB jamani, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ukihitimu digrii unasajiliwa mhandisi mhitimu, unapiga miaka mitatu ya SEAP, mafunzo ya vitendo kazini, chini ya mhandisi aliyesajiliwa, ndo unaomba usajili kamili. Hiyo miaka mitatu inategemea unajua kazi, renki ya chuo haiko kwenye ripoti zako. Na gharama pia, Moshi Arusha ni kama kilomita 80, wikiendi anakula kwenu.

Dada_wa_Soweto: Asanteni sana. Nimemsomea mzee hiyo ya ERB, akanyamaza, baadaye akasema anataka aione hiyo karakana kwa macho yake, kwa hiyo Jumanne tunapanda basi wote watatu. Maombi tunatuma kote kote, akichaguliwa viwili atathibitisha kimoja. FundiMfereji, pale getini tuulizie idara gani?