Ratiba ya mazishi ya mama: nichape mwenyewe steshenari, nimpe fundi wa dizaini, au PDF inatosha?

Binti_wa_Nansio
Wakuu, habari za jioni. Mama yetu ametutoka juzi pale hospitali ya Bugando. Tunazika Jumamosi nyumbani kisiwani Ukerewe, mwili unaondoka Mwanza Ijumaa asubuhi. Kamati imenipa mimi kazi ya ratiba na wasifu, kwa vile ati ndiye mjuzi wa kompyuta kwenye ukoo. Leo ni Jumanne.

Nimezunguka mchana kutwa, nina njia tatu. Naweza kuandika mwenyewe kwenye Word, nikatoa kopi nyeusi steshenari hapa Buhongwa. Au nimpe kijana mmoja wa mjini, upande wa Makoroboi, anayetengeneza kijitabu cha kurasa nane, rangi tupu, karatasi ya kung'aa. Anataka 2,500 kwa kimoja, kwa hiyo nakala 200 ni laki tano. Mdogo wangu anasema tusichape chochote, turushe PDF kwenye magrupu ya WhatsApp, basi. Mweka hazina kaniambia laki mbili, mwisho. Mliopitia haya mlifanyaje?

MamaK_Igoma
Pole sana mwanangu, poleni wote na msiba. PDF peke yake hapana. Sisi tulipomzika kaka yangu tulifanya hivyo, na aliyepewa kusoma wasifu akasoma kwenye simu. Kafika "alisoma shule ya msingi", simu ikaita. Akaikata. Ikaita tena. Waombolezaji wakaanza kuinamisha vichwa, na si kwa kulia. Halafu fikiria wazee wa huko kisiwani, ile simu ya kitochi atafungulia wapi hiyo PDF?

fundi_karatasi
Pole dada. Nachapa hapa Mwanza mwaka wa kumi sasa, ngoja nikupigie hesabu kwa bei ninazotoza mimi.

Kijitabu cha kurasa nane ni A4 mbili tu zilizokunjwa katikati. Zina nyuso nne za kuchapa. Uso mmoja wa rangi natoza 500, mweusi 100. Ukiweka rangi kote, ni 2,000 kwa kijitabu, laki nne kwa 200. Lakini rangi unaihitaji wapi? Picha ya mbele na picha ya nyuma, na hizo mbili zinakaa kwenye uso uleule mmoja. Basi: 500 ya rangi, 300 ya nyuso tatu nyeusi, jumla 800. Mara 200 ni 160,000. Ongeza 20,000 kava iwe karatasi nene kidogo, umebaki na chenji ndani ya laki mbili.

Jambo linalowashinda wengi wanaojitengenezea ni mpangilio. Ukurasa wa 8 unakaa na wa 1, wa 2 na wa 7, wa 6 na wa 3, wa 4 na wa 5. Kila jozi ukijumlisha inaleta 9. Ikileta namba nyingine, umekosea. Na kurasa lazima zigawanyike kwa nne, ukiandika tisa utalipia kumi na mbili.

Kijana_wa_Pasiansi
Mimi napingana kidogo. Mama ni mmoja. Laki tano si hela ya kuvunja familia kama watoto mko sita na mnachanga. Hicho kijitabu ndicho kitakachobaki kabatini miaka ishirini. Kopi nyeusi ya steshenari picha inatoka kama kivuli.

fundi_karatasi
Kijana, hapo kwenye picha uko sahihi, ndiyo maana nikasema kava liwe la rangi. Lakini ile ya kung'aa nzito ina kasoro zake. Ikikunjwa bila kukwaruzwa mstari wa mkunjo kwanza, wino unapasuka katikati. Na kalamu ya wino haishiki, mtu akitaka kuandika namba ya simu ya ndugu aliyeonana naye msibani inafutika. Kwa ndani, karatasi ya kawaida ya gramu 80 inatosha. Na tuseme ukweli, saa saba mchana chini ya turubai nusu ya hivyo vijitabu ni vya kujipepea.

Binti_wa_Nansio
Nimecheka mara ya kwanza tangu Jumapili, asante. Picha ndiyo shida yangu. Nzuri tuliyonayo ni ya zamani, ya karatasi. Nyingine ni ile ya kitambulisho.

fundi_karatasi
Ya kitambulisho achana nayo, ukiikuza inakuwa chengachenga. Ile ya karatasi itoe kwenye fremu, ilaze mezani nje kivulini, simu iwe sambamba nayo, usiwashe flashi. Ukiituma WhatsApp itume kama dokumenti. Ukituma kama picha inaminywa, na hakuna fundi atakayeirudisha. Kazi nzima nayo peleka kama PDF, maana Word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine herufi zinahama na mistari inaruka.

Mwalimu_Kirumba
Pole sana dada. Wote mnazungumzia karatasi, mimi nauliza maneno. Nani anaandika wasifu, na nani anauhakiki?

Kwetu tulikwenda kwa mtu wa dizaini, sitataja ni nani. Alitumia mpangilio wa msiba mwingine akabadilisha majina. Akasahau ukurasa wa tano. Tuko makaburini, mjomba anasoma kwa sauti shukrani za familia ya marehemu tusiyemjua hata kwa sura. Tangu siku hiyo nasema, kabla ya kuchapa nakala ya pili, ya kwanza isomwe na watu wawili ambao hawakuiandika. Mmoja awe mzee wa ukoo.

Halafu tarehe. Cheti cha ubatizo kinaweza kusema mwaka huu na kitambulisho mwaka ule. Kaeni na baba muamue usiku wa leo, msibishane mbele ya jeneza. Na orodha ya watoto iwe kamili. Kuna mtoto aliyezaliwa kabla ya ndoa? Kuna aliyelelewa? Kuna waliotangulia? Mtu anaweza kusamehe karatasi mbaya, jina lake likikosekana hasamehi.

Abuu_Mabatini
Poleni sana. Sisi Waislamu tunazika haraka, hakuna nafasi ya kijitabu. Ila mwalimu kasema kweli kuhusu majina. Tulipomzika baba tuliandika karatasi moja ya nasaba kwa ajili ya wajukuu, ugomvi ulikuwa hapohapo.

MamaK_Igoma
Nyongeza. Saa usizibane sana, usiandike "4:35 kuaga mwili". Andika asubuhi, baada ya ibada, baada ya mazishi. Kivuko hakijui ratiba yenu. Na nyimbo msiweke namba tu, si kila mtu ana kitabu. Andikeni ubeti wa kwanza na kiitikio.

fundi_karatasi
Na chapa Alhamisi, huku huku Mwanza. Boksi lifungwe nailoni mbili kabla ya safari, iwe mnapanda meli au mnazunguka Bunda na kivuko cha Kisorya. Karatasi ikinyonya unyevu inajikunja yenyewe.

Binti_wa_Nansio
Wakuu, nimerudi jana. Asanteni.

Tulichapa 150 badala ya 200, maana niligundua tunahesabu watu badala ya kaya. Kava la rangi, ndani nyeusi. PDF tukawarushia walioko Dar na ng'ambo, kwa hiyo mdogo wangu naye ana lake la kujisifia.

Kwenye kuhakiki, baba mdogo alikuta nimemwandika baba "mjane". Nikafuta nikaweka mgane. Baba mwenyewe aliposikia akasema hilo neno hajawahi kudhani litamhusu. Na tulimweka kaka yetu wa kwanza, ambaye mama alimzaa kabla hajaolewa. Kulikuwa na mnong'ono kwenye kamati. Baba akasema wa kwanza aandikwe wa kwanza.

Kaka huyo alisafiri kutoka Sengerema. Alipokea nakala moja, akarudi tena pale mezani akaomba tatu, za wanawe.

Kijana wa Pasiansi, picha haikutoka kama kivuli. Na mpangilio wa zile kurasa nane ninao bado. Anayeuhitaji aniandikie inboksi, ila nitafuta majina yote kwanza, hasa ukurasa wa tano.