Kufuatilia unawaji mikono wodini

Muulizaji (Pemba): Assalaam alaykum. Nimepewa kazi ya kufuatilia unawaji mikono, lakini nikisimama na karatasi yangu wenzangu hunawa vizuri, na nikigeuka tu, glavu zile zile zinahudumia vitanda viwili. Nifanyeje?

Jibu (Unguja): Waalaykum salaam, dada. Pima kila wiki dawa ya kutakasia mikono iliyotumika, ukilinganisha na idadi ya wagonjwa, kwani chupa haioni haya.

Jibu: Naongeza kuwa zile nyakati 5 za kunawa mikono za Shirika la Afya Duniani (kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi kama kufunga kidonda, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye) zikaguliwe kwa dakika 20 hivi, hata zamu ya usiku, bila kuandika majina. Kwetu tuliwalaumu watu bure, kumbe mfereji mkavu.

Muulizaji: Ahsanteni. Wetu hutoa maji asubuhi tu, nitaanzia hapo.